Sufuria Aliyoikomba Sakina

Mpo? Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye mtoto amlaze, maana hadithi hii haipendi kukatwa katikati.

Kuna fumbo ambalo mwenye kuisimulia amelibeba miaka mingi bila kulifumbua. Amewauliza wenye elimu na wasio nayo, waliozaa na wasiozaa, na kila mmoja alijibu upesi, kisha kesho yake akarudi na jibu jingine. Fumbo lenyewe ni hili: watu watatu wakikusudia kuharibu, na katika kuharibu kwao kikatoka kitu kilichomwokoa mtu, shukrani apewe nani? Usijibu bado. Sikiliza kwanza.

Juu ya milima ya Usambara, mahali ambapo ukiamka asubuhi unaukuta ukungu umelala bondeni chini ya miguu yako, palikuwa na nyumba ya Bi Mboni. Mahindi hayakuipenda baridi ya huko, lakini karoti ziliipenda, na miti ya plamu nayo iliipenda. Miongoni mwa wanawake wa nyumba hiyo walikuwamo watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mwantumu, mke wa Athumani, mtoto wa kwanza, alikuwa na mkono wa udongo. Karoti ni mmea msiri. Majani yake yanaweza kunawiri na kutamba huku chini hamna kitu. Wengine hung'oa kwa kubahatisha. Mwantumu yeye alichomeka kidole pembeni mwa shina, akaligusa bega la karoti humo humo ardhini, akasema: "Hii tamu. Hii iacheni kwanza. Hii wapeni sungura." Hakuwa akikosea.

Stumai, mke wa mtoto wa pili, alikuwa na ulimi. Plamu za milimani huiva zote kwa pamoja, zikaanguka na kuwa karamu ya nyigu. Stumai aliziwahi, akazichemsha, akatoa shira nyekundu nzito ambayo watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuiomba. Akionja chakula cha mtu aliweza kutaja kilichozidi na kilichopungua, na, jambo lililowaudhi wengi, alikitaja.

Chausiku, binti wa nyumba yenyewe, aliyeachika akarudi kwao, alikuwa na moto. Alioka mkate kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, wala hakufunua kuchungulia hata mara moja. "Moto unasikika," alisema. Alikaa kando na kisu chake akimenya vitunguu, kisha ghafla akainuka akaiepua sufuria, na mkate ukatoka umeiva sawasawa kila upande.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na desturi ambayo hutaikuta kwa jirani. Mwanamke akijifungua, wanawake wote wa nyumba humpikia. Yule ambaye chakula chake kitaliwa na mzazi mpaka mzazi akaikomba sufuria kwa kidole, huyo ndiye humpa mtoto jina siku ya saba. Wanaume wa nyumba hiyo walishazoea kulisikia jina la mtoto wao siku moja na wageni. Bi Mboni aliikuta desturi hiyo kwa mama mkwe wake, na akiulizwa sababu yake husema, "Mtu anayetaka jina hampi mzazi kiporo."

Safari hii aliyejifungua alikuwa Sakina, mke wa kitindamimba wa Bi Mboni, binti mwembamba mwenye haya. Alipata mtoto wa kike. Uzazi ulikuwa mgumu, na ulipokwisha, kinywa chake kilikataa chakula. Walimletea mtori wa ndizi, akageuza uso. Walileta uji wa pilipili manga, akameza vijiko viwili akavirudisha. Supu ya kuku aliisukuma kabla haijafika kitandani, akisema harufu yake inampanda kichwani. Muuguzi wa zahanati alikuja, akamtazama, akasema hana homa wala kidonda. "Ale tu," alisema. "Kitu chochote atakachokitaka, ale." Lakini Sakina hakutaka kitu. Maziwa yakawa membamba, na mtoto akaanza kulia kile kilio cha kukwaruza ambacho kikisikika uani, kila mwanamke huacha alichokishika.

Na kila mmoja wa wale watatu alikuwa na jina lake moyoni, na wenzake walilijua.

Mwantumu alitaka jina la mama yake, Mwanaheri, aliyefariki masika yaliyopita. Yeye mwenyewe alikuwa amezaa wavulana watupu, na umri wa kuzaa ulikuwa umempita. Kila alipomwona mtoto wa kike amefungwa nguo, alihisi kama mama yake amesimama nje ya mlango, amepiga hodi, anangoja akaribishwe.

Stumai alitaka jina la Hidaya, dada yake aliyefuatana naye, aliyekufa wote wakiwa wasichana. Alikuwa na mabinti wawili, lakini mzazi hawezi kujipikia, kwa hiyo majina ya binti zake yalitolewa na wengine.

Chausiku alitaka jina lake mwenyewe. Hakujaliwa mtoto. "Siku nikiondoka," aliwahi kumwambia mama yake, "mtu akiita Chausiku hapa uani, pawe na wa kuitika."

Hakuna ubaya katika jina lolote kati ya hayo. Ubaya uliingilia mlango mwingine.

Wivu wa Mwantumu haukuwa wa kupayuka. Ulikuwa wa kusikiliza. Ulisikia Bi Mboni akimwita Stumai "mwanangu" na yeye akimwita "mke wa Athumani," ingawa yeye ndiye aliyetangulia kuingia nyumba ile, na ndiye aliyemuuguza Bi Mboni alipovunjika mguu. Ulisikia wageni wakiaga: "Mpe salamu Stumai, mwambie shira yake imetuponya." Hakuna aliyewahi kuaga akiwasalimu wapanda karoti. Mwantumu alijua kwamba Stumai hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika.

Jioni ya siku ya nne, wote wakiwa uani, Bi Mboni alisema, "Stumai mwanangu, nasikia kesho unampikia mzazi supu ya karoti na tangawizi. Hiyo ataila, moyo wangu unaniambia."

"Inshallah, mama. Karoti za lile tuta la nyuma zitafaa. Dada Mwantumu hatakataa. Au siyo, dada?"

"Nikatae nini?" alisema Mwantumu, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Tuta ni la wote."

Alfajiri aliamka kabla ya jogoo, akachukua kapu, akaenda kwenye lile tuta, akang'oa karoti zote. Hakuchomeka kidole. Hakuuliza udongo chochote. Zilikuwa bado, nyembamba kama vidole vya mtoto wa shule, zenye mikia mirefu. Alizing'oa hivyo hivyo, akasawazisha udongo kwa kiganja, akasema moyoni: akapike supu ya tangawizi tupu.

Lakini kapu lililojaa halifichiki kwenye nyumba yenye wanawake wengi. Baadhi yake alizisukuma chini ya kitanda chake. Zilizobaki aliona heri azipike haraka, ziwe chakula chake, kabla hazijawa wizi. Akaingia jikoni akalikuta jiko la mkaa la Chausiku limeshawashwa, makaa mekundu yanangoja mkate. Akaweka sufuria pana, akatia samli na chumvi, akazipanga karoti nzima nzima na mikia yake. Alikuwa anaanza kuzigeuza aliposikia sauti ya Bi Mboni:

"Mke wa Athumani! Njoo unishikie mtoto nimwogeshe mama yake!"

Akaenda. Akampokea mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko nguo aliyofungwa. Mwantumu alimwinamia sikioni, akalijaribu lile jina kwa pumzi tu, bila sauti, "Mwanaheri," na mtoto akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kulia.

Yaliyotokea jikoni nyuma yake, aliyajua baadaye kwa vinywa vya wenyewe.

Stumai alirudi kutoka kwenye lile tuta akiwa na udongo mikononi na kapu tupu. Akaingia jikoni, akaiona supu yake imelala kwenye sufuria ya mtu mwingine. Rafuni palikuwa na bakuli la shira aliyoichemsha juzi kwa plamu zilizoanguka kabla ya kuiva, chachu ya kumfumba mtu macho, ambayo alikuwa hajaitia asali. Aliichukua akaimimina yote juu ya karoti. Yeye aliyeonja kila kitu cha kila mtu, siku hiyo hakuonja. "Haya," alisema, "mlishe mzazi." Akatoka, akaketi uani kuchambua mchele.

Chausiku naye aliingia na unga wake ulioumuka. Akakuta sufuria ya mtu juu ya jiko lake, juu ya makaa yake, na hakuna aliyemwomba. Hakujua ni ya nani wala hakutaka kujua. "Kwa kuwa sina mume," alisema peke yake, "hata jiko langu ni la kila mtu." Akafunika. Akachota makaa yaliyobaki, akayalundika juu ya mfuniko, yote, ili kilichomo ndani kiungue kisifae hata kwa mbwa. Kisha akachukua ndoo akaenda bombani. Moto ulisema naye, bila shaka, lakini siku hiyo aliamua kutousikia.

Basi Mwantumu aliporudi na kufunua sufuria, aliona kitu cheusi chenye wekundu, kinachong'aa, kimeng'ang'ania chini.

"Nani kaigusa sufuria yangu?"

"Sufuria gani, dada?" Stumai aliuliza kutoka uani, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Wifi, mimi nimeingia sasa hivi kutoka bombani," alisema Chausiku. "Ndoo hii hapa, iulize."

Mwantumu aliishika sufuria kwa matambara, akatoka nayo kwenda kuwamwagia kuku. Na njia ya bandani ilipita chini ya dirisha la Sakina.

"Dada Mwantumu." Sauti ilikuwa ndogo. "Ni nini hicho kinachonukia?"

"Karoti zilizoungua, mdogo wangu. Nawapelekea kuku."

"Niletee nionje."

"Nimekwambia zimeharibika."

"Niletee hivyo hivyo zilivyoharibika."

Akamletea. Sakina alichukua karoti moja kwa mkia wake, akaing'ata. Uso ulimkunjamana kwa uchachu, na Mwantumu akanyoosha mkono aipokee. Lakini uso ukakunjuka taratibu, maana nyuma ya uchachu ulikuja utamu wa karoti changa, na nyuma yake ladha ya kuungua kidogo, kama ya ukoko wa wali. Akachukua nyingine. Akala na mikia, iliyokuwa imekauka na kulia mdomoni kama korosho. Zilipokwisha, akaivuta sufuria kifuani, akapitisha kidole chake pembeni, akaizungusha, akakilamba.

"Maji," alisema.

Alasiri ile mtoto alinyonya mpaka akalala kinywa wazi.

Bi Mboni alipoiona ile sufuria iliyokombwa kwa kidole, alipiga kigelegele kilichowatoa majirani majumbani. "Nani kapika? Nani kamfungua huyu kinywa?"

"Mimi," alisema Mwantumu.

"Mimi," ilisema sauti mlangoni. Stumai.

"Mimi," ilisema sauti nyuma ya mlango. Chausiku, na ndoo mkononi.

Wale wale ambao asubuhi hawakujua sufuria gani.

"Nimeng'oa mimi, nimeosha mimi, nimebandika mimi," alisema Mwantumu. "Jikoni kote hapakuwa na karoti ila zangu."

"Karoti na chumvi, dada! Kingekuwa chakula hicho, si angekula mtori wako wa juzi? Kilichomshtua ulimi ni shira yangu. Muulizeni mwenyewe, yuko hapo."

"Shira baridi juu ya karoti ngumu," Chausiku alicheka. "Hiyo ungempa nani, Stumai? Moto wangu wa juu ndio uliovikamatisha. Bila mimi mngekuwa na karoti zinaogelea."

"Kumbe, wifi, bomba letu lina moto siku hizi?"

"Na mchele wako una shira?"

Bi Mboni aliketi kwenye kigoda. Aliinua mkono, wakanyamaza.

"Nina swali dogo tu. Stumai mwanangu, wakati unamimina, ulimwambia nani?"

"Nilitaka kumsaidia dada, mama. Nikasahau kusema."

"Chausiku?"

"Niliona chakula kinachelewa. Nikakiongezea moto."

"Na wewe, mke wa Athumani. Alfajiri yote ile, uling'oa karoti za nini?"

"Zilikuwa zimekomaa, mama," alisema Mwantumu. Aliwahi kusema uongo mwingi mdogo mdogo maishani, kama watu wote, lakini hakuwahi kuusingizia udongo, na maneno yale yalimwachia ladha mbaya.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mboni. "Kumbe nyumba yangu imejaa malaika. Basi kesho malaika hao watapika tena, pamoja, mbele ya macho yangu."

Siku ya sita walipika. Hujapata kuona upishi wa adabu kama ule. "Tangulia, dada." "Asante, mwenzangu, tangulia wewe." Kwa kuwa tuta lilikuwa tupu, Mwantumu alikwenda kwa jirani, akachomeka kidole chake, akachagua karoti nene, zilizonyooka, tamu kupita zote. Stumai alichemsha shira ya plamu zilizoiva, akatia asali, akaonja, akaongeza, akaonja tena. Chausiku aliweka moto wa pole, sikio lake likiwa juu ya sufuria kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Chakula kilitoka kizuri cha kupigwa picha.

Sakina alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu. Kisha akaweka sahani chini, kwa heshima.

"Ni nzuri, mama," alisema. "Lakini hii ni ya wageni. Nileteeni ile ya jana."

"Ndiyo hii hii, mwanangu. Karoti, plamu, moto."

"Siyo hii." Akageukia ukutani, na wakakiona kinywa chake kikifumba vile vile kilivyokuwa kimefumba siku zote zile.

Mtoto akaamka, akaanza kile kilio cha kukwaruza.

"Ile ya jana," alisema Bi Mboni, na sasa hakuwa akitania, "ilikuwa na kitu gani ambacho hii haina?"

Stumai alitazama kucha zake. Chausiku alitazama dari. Mwantumu alimtazama mtoto. Alijua vizuri kwamba akifungua kinywa, jina la mama yake litatoka humo na halitarudi. Nani angempa jina mtu aliyekiri jambo kama lile? Alingoja mwingine aanze. Alingoja zaidi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika katikati, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio.

"Ilikuwa na karoti changa," alisema. "Hazikuwa zimekomaa, mama. Nilizing'oa zote kabla ya wakati ili Stumai asipate za kupikia supu yake. Kuna nyingine chini ya kitanda changu."

Stumai akaacha kutazama kucha zake.

"Na shira ilikuwa ya plamu mbichi," alisema Stumai polepole. "Niliimwaga ili isilike."

"Mimi nilitaka iungue," alisema Chausiku. "Ndiyo basi. Nilitaka iungue, na sikujua hata ni ya nani."

Bi Mboni hakuwagombeza. "Kapikeni kama mlivyopika," alisema tu.

Wakaenda, mmoja mmoja. Mwantumu alizibandika zile karoti changa na mikia yake, akatoka bila kumtazama mtu. Stumai alichemsha plamu mbichi, akaimimina shira bila kuonja, akatoka. Chausiku alilundika makaa juu ya mfuniko, akachukua ndoo akaenda bombani, ingawa mapipa yote yalikuwa yamejaa. Na Sakina akala. Akaikomba sufuria kwa kidole mara ya pili, na maziwa yakashuka, na mtoto akanyonya.

Asubuhi ya siku ya saba, kinyozi alikuwa ameshafika kumnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo, shehe ameketi barazani na wanaume, wali wa akika unachemka nje. Ndani, Bi Mboni alikaa na wale watatu. Sakina alikuwa kitandani, na rangi imemrudia usoni.

"Nimelala nalo jambo hili," alisema Bi Mboni. "Nikisema sufuria ni ya mwenye karoti, nakumbuka kwamba karoti peke yake angezikataa. Nikisema ni ya mwenye shira, nakumbuka ilivyokuwa chachu kabla ya moto. Nikisema ni ya mwenye moto, moto hauliwi. Nikitazama mlichokifanya, nyote mmemwokoa. Nikitazama mlichokitaka, hakuna hata mmoja."

"Mimi niliibiwa kwanza, mama," alisema Stumai. "Mtu aliyeibiwa na mtu aliyeiba si sawa."

"Na mimi sikumkusudia mtu," alisema Chausiku. "Hasira yangu ilikuwa ya jiko tu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, wifi. Mimi angalau nilijua namharibia nani!"

"Mke wa Athumani, huna la kusema?"

Mwantumu alikuwa nalo. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kweli, na kwamba bila kweli ile mtoto angekuwa bado analia. Lakini aliyasikia maneno hayo kabla hayajatoka, akayasikia jinsi yatakavyosikika, na pia alisikia jibu la Stumai: alikuwa wa kwanza kukiri kwa kuwa alikuwa wa kwanza kukosa. Na Stumai angekuwa sahihi. "Sina, mama," alisema.

"Sakina, wewe ndiye uliyekula."

Sakina alivuta shuka. "Mimi nilikuwa na njaa, mama, nami sikujua kama nina njaa. Sikuuliza aliyepika alikuwa na moyo gani. Mkiniuliza nichague, nitawakosea wawili, nami naishi nao."

Bi Mboni alimsikia kinyozi akikohoa nje, akatoa uamuzi, na alipoutoa haukubadilika.

"Jina litatolewa na mmoja wenu. Lakini hatatoa lile analolitaka yeye. Atachagua kati ya majina ya wenzake wawili. Na atakayechagua ni mke wa Athumani. Kwa nini yeye? Kwa sababu kuharibu kulianza kwake, na kusema kweli kulianza kwake. Kama hii ni zawadi au ni adhabu, mimi sijui. Ampeleke mtoto kwa shehe sasa hivi."

Hivyo ndivyo jina la Mwanaheri lilivyotoka katika nyumba ile siku ile, bila mtu yeyote kulitamka.

"Basi mimi nimekwisha," alisema Stumai, akicheka kicheko kilichokauka. "Atamchagua aliyemwagia shira chakula chake?" Lakini machozi yalikuwa yameshamlenga, na kwa mara ya kwanza Mwantumu alimwona si yule wa shira, bali msichana aliyewahi kulala kitanda kimoja na dada yake, kisha akalala peke yake.

Chausiku alimfunga mtoto vizuri, akamfunika miguu, akamweka mikononi mwa Mwantumu, na mikono yake ilichelewa kidogo kuachia.

Kutoka chumba kile mpaka barazani si mbali. Mwantumu alitembea kama aliyebeba maji. Alitaka kupima kwa haki, na kila alipoweka kitu kwenye mizani, mizani ilikataa kutulia. Stumai alimkusudia yeye, lakini alikuwa amekosewa kwanza, na aliyemkosea ni yeye. Chausiku hakuwa amekosewa kiasi hicho, lakini hasira yake haikuwa na jina la mtu. Uchachu ndio uliofungua kinywa. Moto ndio uliofanya uchachu ulike. Hidaya alikuwa amekufa na hawezi kujiombea. Chausiku alikuwa hai, na hakuna atakayemwombea akifa. Na wivu wake Mwantumu, ambao haukuwa umekufa, ulikuwa unasikiliza bado: ulitaka kujua ni jina gani litamuuma kidogo kuliko lingine likiitwa uani kila siku. Aliushtukia, akajiuliza kama kuna hukumu yoyote duniani ambayo mtu huitoa bila wivu kuwemo.

Shehe alimpokea mtoto. Akamwadhinia sikio la kulia. Kisha akainua kichwa, akasogeza sikio lake mwenyewe karibu na mdomo wa Mwantumu, na wanaume wote barazani wakanyamaza, mmoja wao akiwa baba wa mtoto, naye akingoja kama wageni wengine.

Mwantumu alinong'ona. Shehe alilitamka jina kwa sauti, watu wakaitikia, kigelegele cha Bi Mboni kikatoka ndani, na mtoto huyo anaitwa jina hilo mpaka leo.

Mwenye kusimulia analijua jina hilo, na halitaji, kwa sababu akilitaja mtaacha kupima. Anauliza tu, na hana haraka. Ile sufuria aliyoikomba Sakina ilikuwa ya nani: ya aliyeng'oa, ya aliyemimina, au ya aliyefunika? Na ungekuwa wewe umesimama pale barazani, sikio la shehe liko karibu na mdomo wako, na wanawake wawili wamesimama nyuma ya mlango wakisikiliza, ungesema Hidaya, au ungesema Chausiku?

Je, wewe ungeamua vipi?